Nguzo Zilizosimama Kichwa Chini

Watu wengi huenda Unguja kwa biashara, na wengine huenda kuwatazama jamaa zao. Mimi nilikwenda kwa ajili ya harusi ya mtoto wangu wa ubatizo. Kazi yangu ni uashi, na nyumbani kwangu ni Korogwe. Tangu ujana wangu nimekula kwa mwiko na timazi, wala sikupata kuvuka bahari hata siku moja. Basi nilipopanda meli Dar es Salaam nilikaa kimya kabisa, nimeshika chuma cha kiti kwa mikono miwili. Baada ya muda wa saa mbili hivi nikaona mapaa ya mji wa Unguja, nikamshukuru Mungu.

Lakini, ndugu msomaji, sikuwa na furaha kamili katika safari ile. Sababu yake nitaieleza baadaye.

Siku ya pili baada ya harusi, bwana arusi aliniambia, "Baba, wewe ni mwashi. Haifai urudi bara bila kuliona kanisa la Mkunazini." Tukaenda kwa miguu, tukapita katika vichochoro vya Mji Mkongwe, ambamo mtu akinyosha mikono yake hugusa kuta za pande zote mbili. Nilitazama kuta zile kwa jicho la fundi: mawe ya matumbawe na chokaa, kazi ya watu waliokwisha kufa zamani. Mara tukatokea mahali penye uwazi, na mbele yetu limesimama kanisa kubwa lenye mnara.

Mlangoni tulimkuta kijana mmoja anayewaongoza wageni. Akaniamkia, "Shikamoo, mzee." Nikamwitikia, "Marahaba, mwanangu." Kisha akaanza kutueleza habari za mahali pale.

Zamani hapo palikuwa soko la watumwa. Watu waliotekwa katika nchi za bara, hata kutoka pande za ziwa Nyasa, waliletwa pwani kwa miguu, wakavushwa kwa majahazi, wakauzwa mahali hapo kama mbuzi. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba na Waingereza, na masoko ya watumwa yakafungwa. Mmisionari mmoja jina lake Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja kile kwa ajili ya Misheni. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka ule ule wa 1873 jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: mwanzoni mwa mwaka watu waliuzwa hapo, na kabla ya mwaka kwisha watu walisimama hapo kumwomba Mungu.

Tusidhani kwamba utumwa ulikwisha siku ile. Soko lilifungwa, lakini utumwa wenyewe uliendelea Unguja mpaka sheria ya mwaka 1897. Mambo mabaya yenye mizizi mirefu hayang'oki kwa siku moja.

Tukaingia ndani. Karibu na altare kijana alituonyesha duara la marumaru nyeupe sakafuni, limezungukwa na rangi nyekundu. Inasemekana kwamba hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa wakapigwa mijeledi, ili wanunuzi waone ni nani mwenye nguvu. Rangi ile nyekundu ni ukumbusho wa damu yao. Nilivua kofia mara ya pili, kwa maana nilikuwa nimesahau kwamba nimekwisha kuivua mlangoni.

Halafu akatuonyesha msalaba wa mti. Ulichongwa katika mti uliokuwa mahali pale alipofia David Livingstone, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873, na watumishi wake waaminifu, Susi na Chuma pamoja na wenzao, waliuzika moyo wake chini ya mti ule, wakauchukua mwili wake kwa miguu mpaka pwani. Mtu huyu alipiga kelele miaka mingi juu ya ubaya wa biashara ya watumwa. Mwaka 1857 aliwaambia Waingereza huko Cambridge walete Injili Afrika, na kwa maneno yake ilianzishwa Misheni ile iliyojenga kanisa hili. Lakini soko la Unguja lilipofungwa, yeye alikuwa amekufa mwezi mmoja tu uliopita. Alipanda, hakuona mavuno. Wazazi na walimu wengi wapo katika hali hiyo, nao wasikate tamaa.

Sasa nikainua macho kutazama paa. Hapo ndipo nilipomstahi Askofu Edward Steere, aliyeongoza ujenzi ule. Yeye alifika Unguja mwaka 1864, akajifunza Kiswahili kwa wenyeji mpaka akaandika vitabu vya lugha hii, akafanya kazi ya kutafsiri Maandiko. Paa lile ni wazo lake mwenyewe. Ni tao, mfano wa pipa lililopasuliwa katikati kwa urefu, nalo limefanywa kwa mawe ya matumbawe na saruji. Watu wengi wa wakati ule walisema litaanguka. Halikuanguka. Steere alikufa mwaka 1882, akazikwa nyuma ya altare, na paa lingali juu yake hata leo.

Nilipokuwa nikigeuka kutoka nje, yule kijana alicheka kidogo, akasema, "Mzee, kwa kuwa wewe ni fundi, njoo nikuonyeshe kosa la mafundi wenzako."

Akatupeleka upande wa nyuma wa kanisa, karibu na mahali pa kubatizia. Pana nguzo za marumaru, nzuri sana. Nilizitazama, nikaona kuna jambo, lakini sikulitambua upesi. Kisha nikaona: nguzo zimesimama kichwa chini! Kilichopasa kuwa juu kimewekwa chini, na kitako kiko juu. Husimuliwa kwamba Askofu Steere alikuwa hayupo siku zile, na mafundi, ambao hawakupata kuona nguzo za namna ile maishani mwao, walizisimamisha kama walivyoona inafaa. Askofu aliporudi alikuta kazi imekwisha.

Nikamwuliza kijana, "Akafanya nini?"

Akajibu, "Aliziacha, mzee. Ndizo hizo."

Ndugu msomaji, nilisimama pale muda mrefu hata mwenyeji wangu akaniuliza kama naumwa. Sikuumwa mwili. Sasa nitaeleza ile sababu niliyoahidi kuieleza.

Ninaye mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa. Baba yake alipofariki, dada aliniletea kijana huyo nimfundishe uashi. Alikuwa na mikono myepesi, na kwa miaka miwili alinisaidia vizuri. Mwaka jana tulikuwa tukijenga nyumba ya mtu mmoja hapo kwetu. Nikapata habari ya msiba, nikaondoka haraka kwa siku mbili, nikamwambia, "Endelea na ukuta." Sikumwachia kipimo cha madirisha, wala sikumwonyesha mahali pa kuyaweka. Niliporudi nilikuta ukuta umepanda, tena umenyoka sawasawa kwa timazi, lakini nafasi mbili za madirisha zimekaa mahali pasipofaa.

Nilimkemea mbele ya vibarua na mbele ya mwenye nyumba. Nikasema maneno ambayo sitayaandika katika gazeti hili. Nikaubomoa ukuta ule mwenyewe naye akitazama, kisha nikamwambia arudi kwa mama yake. Alichukua shati lake, akauweka mwiko wangu juu ya tofali, akaenda zake. Tangu siku ile ilikuwa imepita miezi minane. Dada yangu alikuwa akiniamkia kanisani, lakini kwa midomo tu. Kila Jumapili nilisali sala ya kuwasamehe waliotukosea, na kila Jumapili nilijiona mtu mwema.

Pale Mkunazini niliona uwongo wangu. Askofu yule alikuwa na nguzo za marumaru, vitu vya thamani, katika kanisa alilolitolea maisha yake. Mimi nilikuwa na matofali. Tena kosa la madirisha, nikilipima vema, nusu yake lilikuwa langu. Fundi akiondoka bila kuacha kipimo, analaumu nini akikuta ukuta umepotoka? Si kwamba kazi mbaya isirekebishwe. Madirisha yale yalipasa kubomolewa. Lakini mimi nilibomoa na mtu pamoja na ukuta.

Nilirudi Korogwe siku ya Alhamisi. Ijumaa asubuhi nikaenda kwa dada yangu. Mpwa wangu alikuwa uani, anatengeneza baiskeli ya jirani. Akasimama, akafuta mikono, akaniamkia, "Shikamoo, mjomba," akitazama chini.

Nikamwambia mbele ya mama yake, kwa maana nilimwaibisha mbele ya watu, "Mwanangu, siku ile niliondoka bila kukuachia kipimo. Kosa lilikuwa langu kabla halijawa lako. Naomba unisamehe."

Dada yangu aliketi chini palepale juu ya kinu. Kijana hakusema neno. Nikamweleza habari za nguzo za Unguja, toka mwanzo hata mwisho. Mwishowe akauliza, "Na hata sasa ziko vilevile, mjomba? Hazikuanguka?"

Nikamjibu, "Ziko vilevile."

Hakuniambia kwamba atarudi kazini. Aliinama akaendelea na baiskeli, nami nikanywa chai ya dada yangu, iliyokuwa na sukari nyingi kama zamani. Jumatatu nilipofika kazini kabla ya jua kupanda, nilimkuta amekwisha kukoroga saruji.

Wahenga walisema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mahali palipouzwa watu Mungu alipafanya kuwa mahali pa ubatizo, na nguzo zilizopinduliwa amezifanya zisaidie kushika nyumba yake. Basi wewe msomaji, kama yupo kijana, au mke, au ndugu, uliyembomoa pamoja na kosa lake, usingoje mpaka uvuke bahari kama mimi. Nenda kwake leo.