Mpira ukija Bunia, nani anafaidika?

Wakati wa likizo kubwa nilikuwa kiwanjani hapa Bunia kufuata mashindano ya vijana. Timu moja ilitoka Mahagi kwa barabara ya taifa nambari 27, ile inayopita Djugu: wachezaji 18, kocha wao na mama mpishi. Mechi ya kwanza walishinda. Jioni nikawasindikiza kwenye gesti waliyoulizia bei kwa simu. Chumba walichoambiwa dola 10 kilikuwa kimefika dola 20.

"Ni bei ya mashindano," kijana wa mapokezi akajibu.

Kocha alihesabu pesa, akanyamaza. Usiku ule watoto walilala katika darasa la shule, juu ya mikeka ya kuazima.

Katika gesti ile ile kulikuwa na familia iliyokimbia vita vya Djugu, ikilipa chumba kidogo kila juma. Nayo iliambiwa ilipe bei mpya ama itoke. Baba akaniambia: "Ndugu mwandishi, tulikimbia risasi, sasa tunakimbia mpira."

Siwachukii wenye hoteli. Mazuti ya jenereta ni ghali, na miezi mingi vyumba vinabaki wazi. Lakini nilichokiona kando ya kiwanja ni hiki: mama muuza mandazi alimaliza beseni lake mapema asubuhi, wamotari hawakupumzika, na fundi viatu alishona hadi giza likaingia. Pesa ya mgeni mmoja inapita mikono mingi. Akinyang'anywa yote mlangoni pa chumba, wale wengine wanabaki mikono mitupu. Timu ya Mahagi ilipotolewa, ilipanda gari siku hiyo hiyo, bila kununua hata sabuni.

Ninaomba jambo moja. Mbele ya mechi ya kwanza, watayarishaji, wenye hoteli na viongozi wa kartie wakae pamoja, wapatane bei, waiandike mlangoni kila mtu aisome. Na familia ya wakimbizi iliyokwisha kulipa juma lake isiguswe.

Familia ile sasa iko kwa ndugu yao huko Mudzi Pela, watu tisa katika chumba kimoja. Mtoto wao wa miaka 13 kila akiniona ananiuliza: "Papa, mashindano mengine ni lini?" Yeye anataka kucheza.