Mlango wa Sur Lawatiya

Mutrah niliyoikuta mwaka 1975 ilikuwa ishapata barabara yake ya pwani, lakini watu walikuwa bado wanaizungumza kama habari ya juzi. Kabla ya hapo, walivyotuhadithia wenyeji, maji yakijaa yalipiga kwenye kuta za zile nyumba kubwa nyeupe zilizobanana mbele ya ghuba, na mashua zilivutwa mchangani chini ya madirisha yake. Bandari ya Mina Qaboos ilikuwa imekamilika mwaka mmoja nyuma. Baba alipata ukarani humo, kwa Kiingereza chake na kwa miaka aliyofanya kazi forodhani Unguja, na sisi tukamfuata. Sultan Qaboos, aliyeshika nchi Julai 23, 1970, alikuwa amewaita Waomani walioko nje warudi. Wengi wetu tulirudi mahali ambapo hatujapata kupakanyaga.

Nyumba zile zilinivuta macho tangu siku ya mwanzo. Roshani za mbao zilizotokeza juu ya barabara, vyuma vilivyopindwa kwa nakshi, madirisha marefu yenye vipepeo: lau zingehamishiwa Malindi ya Unguja usiku, asubuhi hakuna ambaye angeuliza zimetoka wapi. Ila Malindi nyumba unaweza kuizunguka. Unapita uchochoro wa nyuma, unatoa salamu barazani, unatokezea mtaa wa pili. Hizi za Mutrah zilikuwa ndio uso wa mtaa mzima uliofungwa. Nyuma yake mna vichochoro, mna nyumba nyingine zilizokwenda juu kwa kukosa nafasi ya kwenda pembeni, mna msikiti, mna matam, yaani jumba la maombolezo, na vyote vimezungukwa na ukuta. Mlango mmoja unatazama bahari, mwingine unatokea sokoni. Ndani walikaa Lawatiya peke yao, na mtaa wenyewe ndio Sur Lawatiya. Mlangoni alikuwapo mzee amekaa na bakora yake, na asiyekuwa wa ndani hakupita.

Baba alitupa amri fupi: “Kule majumbani mwa watu. Piteni mbele, msipite ndani.”

Soko la Mutrah lakini halikosi maneno. Tulipokwenda kununua ubani na vitambaa tulisikia kila aina: kwamba ndani mna dhahabu iliyofukiwa, kwamba mna njia ya chini kwa chini mpaka baharini, kwamba wanasali sala nyingine kabisa. Waliosema hayo wote walikuwa hawajaingia. Mama, ambaye utotoni Kiponda alipelekwa kila Muharram kutazama maombolezo ya Ithnaasheri na kurudi na sharubati tumboni, alikuwa akicheka. “Mahoja hao,” alisema. “Tumekaa nao ukuta kwa ukuta, leo watakuwa majini?”

Alikuwa na haki. Lawatiya ni Mahoja, asili yao upande wa Sindh, na lugha wanayosema nyumbani iko jirani na Kisindi na Kikachi. Zamani walikuwa Ismailia. Katikati ya karne ya 19 Aga Khan wa kwanza, Hasan Ali Shah, alipotoka Uajemi akaja kukaa Bombay na kudai utiifu na michango ya Mahoja wote, ugomvi ulizuka miongoni mwao, na mwaka 1866 Jaji Joseph Arnould wa Mahakama Kuu ya Bombay akampa haki Aga Khan. Hukumu ile iliamua mali na uongozi. Nyoyo za Mutrah haikuziweza. Katika miaka hiyohiyo ya 1860 Lawatiya walio wengi waliachana na Aga Khan wakashika madhehebu ya Ithnaasheri, na ndivyo walivyo mpaka leo. Basi ni wachache ndani ya wachache: Mashia ni sehemu ndogo ya nchi ya Maibadhi na Masuni, na Lawatiya ni fungu moja tu la Mashia hao, pamoja na Baharna na Ajam.

Nikilijua hilo sikuona tena ajabu ya ukuta. Na tusisahau kwamba nchi yenyewe ilikuwa ya milango. Maskati, kule ng’ambo ya jabali, mpaka mwisho wa enzi ya Sultan Said bin Taimur malango ya mji yalifungwa saa tatu baada ya jua kuzama, na atakayetembea usiku lazima awe na taa mkononi. Mtu anayewasema Lawatiya kwa kujifungia awaseme na wengine wote.

Mimi niliingia kwa sababu ya benki. Miaka ya 70 mwishoni serikali na mabenki yalikuwa yanawatafuta watu waliosoma, na wasichana wa Unguja tulichukuliwa mara moja, kwani tulikuwa na cheti na ulimi wa Kiingereza. Meza ya pili yangu alikaa msichana wa Kilawati, mcheshi, mwepesi wa hesabu kuliko meneja. Tulianza kwa kupeana chai, tukawa mashoga. Siku moja alisema bibi yake anataka kuniona. Nikamuuliza, na yule mzee wa mlangoni? Akanijibu kwa Kiarabu chake cha haraka: “Ukiwa na mimi, weye mgeni wangu. Atasema nini?”

Na kweli hakusema kitu. Aliinua macho, akaitazama kanga yangu chini ya buibui, akayashusha.

Ndani kulikuwa na kimya ambacho soko, hatua chache tu nyuma yetu, halikukijua. Vichochoro vyembamba kiasi cha kwamba watu wawili wakikutana mmoja hugeuka ubavu. Juu yako nyumba zinakaribiana, kipande cha mbingu kinabaki kama utepe. Milango mingi ilikuwa wazi, watoto wanaingia hii wanatokea ile, na wanawake wanaitana ghorofa kwa ghorofa. Hapo ndipo nilipofahamu ukuta ule ulikuwa na faida gani kwa waliokuwa ndani yake: mtaa mzima ulikuwa ua wa nyumba moja. Mwanamke alitoka kwake akenda kwa dadake pasi na kujifunga mtandio vizuri. Uhuru ule mimi sikuwa nao nje, barabarani, ambako hapana mlango uliofungwa.

Nyumba ya kina shoga yangu ilikuwa mojawapo ya zile za mbele. Chini, giza na ubaridi, vyumba vya kuwekea bidhaa vilivyobaki na harufu ya mchele na ndimu kavu. Ngazi za juu zimesimama wima, kamba badala ya kishikio. Ghorofa ya pili unatoka ghafla kwenye mwanga: sebule ndefu, makabati yaliyochimbwa ukutani yamejaa sahani za China na birika za shaba, na madirisha yote yanatazama ghuba. Nilisimama pale roshani niliyokuwa nikiitazama kutoka chini kwa miaka, nikaona barabara, magari, na kule mbali kreni za bandari alikokuwa baba akiandika manifesti zake.

Bibi alikuwa amekaa juu ya godoro karibu na dirisha. Nikainama kumbusu mkono, na nilikuwa natafuta Kiarabu cha heshima, akanitangulia.

“Mtu wa wapi weye? Mji gani?”

Kiswahili. Kimechakaa kidogo pembeni, lakini cha Unguja kabisa.

“Shikamoo bibi. Kiponda.”

“Marahaba mwanangu. Kiponda upande gani? Wa msikitini?”

Alikuwa ameolewa Unguja akiwa mdogo, akakaa Malindi mpaka mumewe alipofariki, akarudishwa Mutrah kwa jahazi. Lawatiya waliokwenda na kurudi namna hiyo hawakuwa wachache. Biashara ya pande mbili za bahari ndiyo iliyowalisha. Hakuniuliza habari za mapinduzi ya Unguja ya 1964. Aliniuliza habari za jumba. Lile la Malindi la ufukweni, lenye roshani za kijani zilizochongwa, ambalo sisi tulilijua kwa jina la Zahanati ya Ithnaasheri: bado limesimama?

Jumba hilo lina kisa kinachostahiki kuhadithiwa Mutrah. Aliyelianza ni Tharia Topan, Hoja tajiri, Ismailia, na jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1887. Alikufa 1891 kabla halijesha, likamalizwa 1894. Mwaka 1900 likanunuliwa na Haji Nasser Nurmohamed, na chini yake ikafunguliwa zahanati ambayo mama yangu mwenyewe alipelekwa akiwa na homa. Baada ya 1964 likaachwa, popo wakaingia. Wakati bibi ananiuliza lilikuwa katika hali mbaya, na nilimwambia limesimama, ambalo halikuwa uongo. Miaka ya 90 taasisi ya utamaduni ya Aga Khan ikalikarabati, likarudi kung’ara. Mali ya Ismailia ikaingia mikononi mwa Ithnaasheri, ikaja kunusuriwa na Ismailia. Wakuu wa ule ugomvi wa Bombay wangelikuwa hai wangekosa la kusema.

Nilirudi mara nyingi. Muharram shoga yangu alinichukua kwenye matam ya wanawake, nikakaa nyuma karibu na mlango, na nilipoona wale wanawake wa benki na wa madukani, wakali wa bei, wanalia kwa sauti juu ya msiba wa Karbala kama uliofika jana, nilijua kwa nini mama hakuisahau sharubati yake.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa amri ya mtu. Ilikuwa gari. Uchochoro wa Sur haupiti gari, na kila kijana aliyepata kazi miaka ile alinunua gari kabla ya kuoa. Halafu serikali ikagawa viwanja, mikopo ya nyumba ikaja, na viyoyozi. Waliooa walihamia Ruwi, wenye uwezo zaidi Qurum na Madinat Sultan Qaboos, baadaye wengine mpaka Seeb. Shoga yangu naye aliolewa akahamia kwenye nyumba yenye bustani na geti lake mwenyewe, na mara ya kwanza nilipomtembelea alilalamika kwamba jirani yake hamjui jina. Wazee walibaki Sur. Walipokufa, ufunguo uligeuzwa. Yule mzee wa bakora sikumwona tena. Baada yake nikamkuta mlinzi mwingine, na siku nyingine kiti kitupu.

Kwa hiyo ninaposikia watu wakisifu kwamba siku hizi Mutrah imefunguka, kwamba mgeni mwenye adabu anaweza kuchungulia hata ndani ya Sur bila kufukuzwa, huwa najiuliza wanasifu nini. Mlango ulilegea pale ilipokuwa hapana tena watoto wa kukimbia nyumba hii na ile. Ulipofungwa kulikuwa na mtaa. Mimi sisemi warudishe bakora, lakini mlango kuwa wazi haunitoshi kuwa habari njema.

Mwaka 2014 meli za mizigo zilihamishiwa Sohar, na ghuba ikaachiwa zaidi meli za watalii. Zikitia nanga, barabara ya pwani hujaa watu wenye kofia pana wanaozipiga picha roshani zilezile na msikiti wa Rasul al-A’zam wenye kuba la buluu. Wengi hudhani ni majumba ya sultani. Pia wapo wanaoshauri yafanywe makumbusho. Njia hiyo Maskati inaijua: Bait Fransa, iliyokuwa ya konseli wa Ufaransa, iligeuzwa makumbusho mwaka 1992, na Bait al-Baranda hapohapo Mutrah, ambamo wamisionari wa Marekani waliwahi kutibu wagonjwa mwanzoni mwa karne iliyopita, ikafunguliwa kama makumbusho mwaka 2006. Zote nzuri, na nimewapeleka wajukuu. Lakini hizo ni nyumba ambazo wenyewe walishakwenda zao. Sur bado ina wenyewe: Muharram ukiingia na Ramadhani, madirisha hufunguliwa, sufuria hutolewa, na magari hupangwa mpaka karibu na soko la samaki.

Usiku wa Julai 15, 2024, mkesha wa Ashura, watu wenye bunduki waliushambulia msikiti wa Imam Ali kule Wadi Kabir, si mbali na Mutrah. Waliuawa watu watano na askari mmoja, na washambuliaji watatu, ambao polisi walisema ni ndugu, Waomani. Nchi ambayo Muibadhi, Msuni na Mshia husimama safu moja bila kuulizana ilitikisika. Nilimpigia simu shoga yangu usiku uleule. Alikuwa Sur na wanawe. Alikuwa akilia, na katikati ya kilio akanambia wanaume wamekwenda kukaa mlangoni.

Nyumba ya bibi sasa ina warithi wengi, wengine Dubai, mmoja London, na haitengenezwi bati wala bomba mpaka wote wakubali. Kwa ada yao haiuzwi kwa mtu wa nje, na wa ndani hataki kununua asipoweza kuegesha gari. Mpwa mmoja wa shoga yangu, msanifu majengo, amechora mpango wa kuifanya nyumba ya wageni ya vyumba saba na mkahawa juu ya roshani. Dada mkubwa amesema atakayemwaga kahawa ya kuuza pale alipokuwa akisali bibi, hatazungumza naye mpaka kaburini. Shoga yangu yuko katikati. Ananiuliza mimi maoni yangu, kana kwamba Mzanzibari ana la kufundisha mtu juu ya nyumba iliyoachwa. Nilimwambia wakodishe chini, kwenye zile ghala, na juu pabaki pao. Amenijibu ataisema hiyo kwenye kikao kijacho, lakini dada mkubwa asijue imetoka kwangu.