Mzio wa Mtoto na Meza ya Melini: Kutoka Dubai hadi Mutrah

Kila mwaka joto la Ghuba linapopungua, meli kubwa za matembezi hufunga gati katika bandari ya Mina Rashid, Dubai. Ndiyo bandari ilipotulizwa meli kongwe ya Queen Elizabeth 2, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa hoteli. Familia nyingi za Mombasa, Lamu na Malindi zina jamaa waliovuka kwenda Ghuba kutafuta riziki, na siku hizi si ajabu kijana aliyeko huko kuwaalika wazazi wake wapande meli kwa siku 7, wazuru Khasab na Muscat, kisha warudi Dubai. Nasi tulialikwa hivyo. Tulikuwa watu watano: sisi na ahali yetu, ambaye ana maradhi ya kisukari, binti yetu na mumewe, na mjukuu wetu wa miaka 6, ambaye ufuta na korosho ni mzio wake.

Neno hili mzio si geni kwetu. Wazee wetu walipomwona mtu akila samaki fulani kisha mwili ukamtoka mabaka, walisema samaki yule ni mzio wake, na tangu siku hiyo hakupikiwa tena. Waganga wa leo wameeleza kwa nini: kinga ya mwili, iliyoumbwa kupambana na viini vya maradhi, hukidhania chakula kisicho na dhara kuwa ni adui, ikakishambulia kwa nguvu hata ikamdhuru mwenye mwili. Kwa mmoja huwa ni muwasho tu. Kwa mwingine midomo na ulimi huvimba, koo hubana, shinikizo la damu hushuka, na roho huwa hatarini katika muda wa dakika chache.

Mjukuu wetu ni wa aina hii ya pili. Alikuwa na miaka 2 alipopewa kashata ya ufuta arusini; kabla maulidi hayajamalizika alikuwa amebebwa kukimbizwa hospitali, sauti imemkauka na pumzi zinakatika. Sindano ya adrenalini ndiyo iliyokuwa sababu ya kupona kwake, kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo habari ya safari ilipokuja, nyumba iligawanyika. Wako waliosema mtoto abaki Mombasa kwa shangazi yake, kwani mjini mtu hukimbilia hospitali, na katikati ya bahari atakimbilia wapi? Mama yake alijibu kwamba mwanawe hatakuwa mtu wa kuachwa nyuma maisha yake yote kwa ajili ya mbegu ya ufuta. Maneno yote mawili yalikuwa na haki ndani yake, na ndipo tukaona kwamba shauri la kwenda halitufai pasipo matayarisho.

Matayarisho yalianza wiki kadhaa kabla ya safari. Binti yetu aliiandikia kampuni ya meli, akataja kila kitu bayana: mtoto ana mzio mkali wa ufuta na korosho, bibi ana kisukari, wote watano hawali nguruwe, hawali nyama isiyo halali, wala chakula kilichopikwa kwa mvinyo. Aliomba jibu kwa maandishi, akalihifadhi. Alichukua barua ya daktari, na kalamu mbili za adrenalini zikiwa katika maboksi yake. Dawa hizo zilisafiri katika mkoba wa mkononi, kwani sanduku kubwa huweza kuchelewa au kupotea. Tena kalamu hizo hazipendi jua kali wala barafu. Hazifai kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani, na mahali pake si ndani ya friji. Akafunga pia biskuti na vitafunio vya kiwandani visivyofunguliwa, maana meli nyingi hazikubali chakula kilichopikwa nyumbani.

Jioni ya kwanza, kabla ya kuketi kula, tulimwomba msimamizi wa ukumbi wa chakula aje mezani. Alikuja na orodha. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, sheria huwalazimu wauzaji wa chakula kutaja vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio: nafaka zenye gluteni kama ngano, shayiri na rai, kamba na kaa, mayai, samaki, njugu, soya, maziwa, jamii ya korosho na lozi, selari, haradali, ufuta, salfaiti, lupini, na jamii ya chaza, ngisi na pweza. Marekani nayo iliuingiza ufuta katika orodha yake ya vitu 9 tangu Januari 2023. Msimamizi yule alituambia jambo moja ambalo tungependa kila mama alishike: kila usiku angetuletea orodha ya vyakula vya kesho yake, tuchague mapema, na jiko lipate wasaa wa kumpikia mtoto peke yake, kwa sufuria safi na kisu safi. Chakula kinachoagizwa papo hapo hupikwa kwa haraka, na haraka haina baraka.

Hapa pana mtego unaowanasa Waislamu zaidi ya wengine. Wengi wetu tukipanda meli za Kizungu, kwa kuikimbia nyama isiyo halali, husema tu kwamba sisi tunakula mboga. Jibu hilo latosha kwa asiye na mzio. Lakini jiko la mboga ndilo lenye ufuta na korosho kuliko majiko yote. Humusi ya Kiarabu hutiwa tahina, ambayo ni ufuta uliosagwa. Kachumbari hunyunyiziwa mbegu. Jibini ya wasiokula kitu cha mnyama aghalabu hutengenezwa kwa korosho, na mchuzi wa Kihindi huongezwa uzito kwa korosho iyo hiyo. Kwa hiyo mtu akimwombea mtoto kama huyu sahani ya mboga, huenda amemtoa katika shaka ya uharamu akamtia katika hatari ya mauti. Haja zote mbili hutajwa pamoja, tena mzio hutajwa kwanza. Sisi tuliomba samaki wa kuokwa, wali na mboga za kuchemsha, na jiko likatekeleza.

Ama meza ya kujipakulia, ile inayowavutia watoto kwa rangi na wingi wake, ndiyo tuliyoiogopa. Vyakula vyenyewe huenda vikawa salama, ila mikono ya watu mia mbili haina usalama. Mmoja huchukua kijiko cha humusi akakitia katika wali. Mwingine hushika mkate wa ufuta kwa koleo, kisha akachukulia koleo hilo hilo mkate mweupe. Siku ya tatu mtoto alitamani chipsi. Mpishi kijana, kwa moyo mwema, akasema chipsi hazina ufuta, ni viazi na chumvi. Binti yetu hakuuliza tena kama zina ufuta, aliuliza, "Mafuta haya yamekaangia nini kingine leo?" Kijana akanyamaza, akaenda kumwita mkubwa wake. Ikabainika kuwa asubuhi ile mafuta yale yamekaangia vipande vya kuku vilivyoviringishwa katika ufuta. Mkubwa yule aliomba radhi, akaagiza viazi vikaangwe jikoni kwa mafuta mapya. Mtoto alilia kidogo kwa kungojeshwa, kisha akala. Swali lile moja la mama yake lilitosha kuiepusha meli nzima na taharuki.

Siku hiyo hiyo tulifika kwenye zahanati ya meli tukiwa wazima, tukamwonyesha daktari barua yetu. Alitukumbusha utaratibu, nasi twaunakili kwa faida ya wasomaji. Dalili zikiwa kali, yaani kuvimba koo, kukoroma pumzi, kutapika mfululizo au kulegea, kalamu hudungwa pajani kwa upande wa nje, hata juu ya nguo. Mgonjwa hulazwa na kuinuliwa miguu, na kama pumzi ni nzito huketishwa. Hatembezwi wala hasimamishwi. Watu wa zahanati huitwa mara moja. Ikipita kama dakika 5 bila nafuu, hudungwa ya pili, na ndiyo sababu kalamu huwa mbili. Vidonge vya kuondoa muwasho havifungui koo lililobana, basi asisubiri mtu vifanye kazi hiyo. Na hata mgonjwa akipata nafuu, huangaliwa kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurejea.

Kisha tukafika Muscat. Meli hutia nanga Mutrah, chini ya majabali makavu, na kando yake ni njia ya pwani na soko la kale lenye harufu ya udi na ubani. Ukizitazama ngome za Mirani na Jalali zilizojengwa na Wareno, moyo hukimbilia Fort Jesus, ambayo Waomani waliitwaa mwaka 1698. Sokoni mle mzee mmoja alitusikia tukisema, akageuka na kutuamkia kwa Kiswahili cha Unguja kilicho safi. Aliondoka huko akiwa kijana, lugha ikabaki. Alituingiza dukani mwake, akatuwekea kahawa na sinia la halwa ya moto, ya zafarani na maji ya waridi, juu yake imepambwa kwa korosho na ufuta. Akakata kipande cha kwanza kwa mkono wake, akamnyooshea mtoto.

Msomaji aliyelelewa pwani anajua uzito wa dakika ile. Mkono wa mzee, katika nyumba yake, kwa mgeni aliyekuja kutoka mbali: nani anaukataa? Tulimwona binti yetu akipiga magoti kidogo kwa heshima, akasema, "Shikamoo babu. Mikono yako tumeipokea, ila mtoto huyu ufuta na korosho ni mzio wake, vyaweza kumuua." Mzee aliurudisha mkono, akastaajabu, kisha akasema mamake alikuwa hivyo hivyo kwa kamba, na Unguja nzima ilijua. Akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mtoto kichwa, akamfungulia boksi la tende ambalo lilikuwa bado na lakiri. Bibi yake naye akachukua tende moja tu, kwa ajili ya sukari yake, na mzee akamwelewa pia.

Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, hakuwa akikitia ila chakula: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Na alipoandaliwa nyama ya dhabu, mnyama wa jangwani, hakula kwa kuwa hakuizoea, wala hakuwakataza maswahaba waliokuwa wakiila mbele yake. Ikiwa kuacha kwa kutozoea tu hakukuwa utovu wa adabu, seuze kuacha kwa kuhofia roho? Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu, na takrima haikuwekwa ili imdhuru anayekirimiwa.

Twayasema haya hasa kwa sababu ya maneno tunayoyasikia majumbani mwetu: "Mpe aonje kidogo tu, hakitamdhuru", au "Mama yake anamdekeza". Mama wa mtoto mwenye mzio huchoka kwa kuuliza, na huchoka zaidi kwa kuonekana mkorofi kila anapouliza. Jiko la meli, lenye wapishi wa mataifa mbalimbali wasiomjua mtoto wala kabila lake, lilimsikiliza binti yetu pasipo kumkunjia uso. Arusi, maulidi na futari zetu hazipaswi kuwa ngumu kuliko meli. Mwenye shughuli na aulize mapema ni nani ana mzio. Sahani ya mtoto huyo ipakuliwe ya kwanza, kwa upawa wake, na ifunikwe. Kashata zikae mbali na meza ya watoto. Na bibi akitaka kumpa mjukuu kitu mkononi, amuulize mama yake kwanza.

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu nchi kavu na baharini. Amin.