Filamu ya Kwanza Darasani: Uteuzi Utokao Rongai

Mtaala wa umilisi nchini Kenya umeiweka sanaa ya maigizo na filamu miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu, ngazi iliyowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa Gredi ya 10 mnamo Januari 2026. Mwalimu wa Ongata Rongai anayelianza somo hilo hukabiliwa na swali linaloonekana dogo: filamu ya kwanza iwe ipi?

Jibu la mazoea ni kufuata tarehe: ndugu Lumière mjini Paris mwaka 1895, kisha Hollywood, na Afrika mwishoni, muda ukiruhusu. Aghalabu hauruhusu. Jibu la pili ni kuteua filamu "yenye funzo". Jibu hili nalo lina historia yake. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri, Tanganyika, ulitengeneza filamu zipatazo 35, nyingi zikiwafundisha Waafrika kilimo, afya na uwekaji akiba. Haja za mtazamaji zilikwisha kuamuliwa kabla hajaketi. Mwalimu ateuaye filamu kwa maadili yake pekee huurithi uamuzi huo bila kujua.

Rongai yenyewe yatoa njia ya tatu. Vilima vya Ngong, ambavyo mwanafunzi huviona akienda shuleni, vimo katika *Out of Africa* (1985) ya Sydney Pollack, iliyotunukiwa Oscar 7. Humo vilima ni mandhari ya mapenzi ya wageni, na wenyeji wengi husimama pembeni mwa picha. Kipande cha dakika 10 chatosha. Ifuate *Saikati* (1992) ya Anne Mungai, ambamo msichana wa Kimaasai anayetaka kuendelea na masomo anakimbia kuozwa na kwenda Nairobi. Baada ya hizo mbili, mwanafunzi atauliza mwenyewe: nani ameishika kamera, naye amesimama wapi?

Akiisha kuwa na swali hilo, Lumière hawatampotosha. Filamu zao za mwanzo hazifiki dakika moja kila moja. Naye Ousmane Sembène, kwa *Borom Sarret* (1963) ya dakika 20 hivi, anaenea katika kipindi cha dakika 40 na kuacha nafasi ya mjadala.

Yaweza kudaiwa kwamba mpango huu unavuruga mfuatano wa historia. Lakini tarehe hupangika ubaoni kwa dakika chache. Mazoea ya kuhoji picha hayapangiki hivyo. Wala *Saikati* isisamehewe. Filamu hiyo huutazama mji kama mtego na kumrudisha msichana kwao. Mwanafunzi wa Rongai, ambaye mzazi wake huvuka Mto Mbagathi alfajiri kwenda kazini Nairobi na kurejea usiku, haishi mjini wala kijijini kwa maana hiyo. Akiipinga filamu kwa ushahidi wa maisha yake, somo la uhakiki litakuwa limeanza.