Kizuri Chajiuza, Kibaya Chajitembeza

Mimi ni mwanafunzi wa zamani, na leo naomba nafasi ndogo katika kurasa za Kiswahili nieleze habari ya kosa nililolifanya nyumbani kwetu Mukono, katika kuchagua intaneti isiyo na waya. Si habari ya kujisifu. Naiandika kwa sababu gharama ya kosa lile alilipa mtu mwingine.

Mdogo wangu wa kike alikuwa akisomea uhasibu, na masomo yake yalikuwa ya usiku kwa njia ya intaneti, tangu saa mbili mpaka saa nne. Karo tulikuwa tukiichanga, mama kwa maziwa ya ng'ombe wake wawili na mimi kwa mshahara wangu. Mwanzoni alitumia simu, akinunua data ya siku moja moja, nayo ilikuwa ikimwishia katikati ya somo. Basi mwezi wa Agosti 2023 nikasema, "Haya, nitatia intaneti ya nyumba nzima." Waya wa faiba ulikuwa haujafika mtaani kwetu, kwa hiyo ilinibidi kuchagua miongoni mwa kampuni zinazoileta kwa mawimbi ya mnara wa simu.

Nilichaguaje? Naona haya kusema. Nilikuwa katika teksi nikienda Kampala, nikaona tangazo kubwa kando ya barabara ya Jinja. Liliandikwa tarakimu kubwa za mwendo na maneno "bila kikomo". Siku ya pili nilikwenda dukani kwao, nikatia sahihi mkataba wa miezi 12, nikarudi na ruta chini ya kwapa kama mtu aliyeshinda kikombe. Nikaiweka chumbani kwa mdogo wangu, karibu na meza yake.

Wiki za kwanza mambo yalikwenda vizuri kidogo. Baadaye picha ya mwalimu ikawa yaganda kila usiku. Mdogo wangu aliponiambia, nilifungua intaneti mchana wa Jumapili, nikaona inakimbia, nikamwambia, "Intaneti ni nzima. Labda wewe ndiwe unayesinzia." Hakunijibu.

Novemba ilikuwa zamu yake ya kueleza hesabu za kampuni moja mbele ya mwalimu na darasa zima, na kazi hiyo ilikuwa na alama nyingi. Nilikuwa sebuleni. Nikamsikia anaanza vizuri, kisha akasema, "Mwalimu, mnanisikia?" Akarudia mara tatu, mara nne. Halafu kimya. Chuo kilimwandika kuwa hakuwapo, akatakiwa kulipa ada ya kurudia. Mama aliuza ndama. Nami kwa hasira nilimkemea mdogo wangu, nikisema angejiandaa mapema angekwenda mjini kutafuta mahali pazuri.

Jirani yetu ni mzee aliyestaafu kazi ya ufundi wa redio. Jumamosi iliyofuata nilimweleza shida yangu. Akaniuliza, "Mwanangu, mnara wa kampuni hiyo uko wapi?" Sikujua. "Inakwama saa ngapi?" Nikasema, usiku. "Na ule mkataba, umeusoma?" Nikanyamaza.

Tulipousoma pamoja, tulikuta kwamba "bila kikomo" ilikuwa na kikomo chake. Baada ya kutumia gigabaiti 100 katika mwezi, mwendo ulikuwa ukishushwa hadi megabiti 1 kwa sekunde. Na mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikizimaliza kwa kutazama mpira na filamu kabla mwezi haujafika nusu! Tena mnara ulikuwa nyuma ya kilima, nasi tuko bondeni. Na ruta nilikuwa nimeiweka katika chumba cha ndani, chini ya bati, penye dirisha dogo la chuma.

Hapo nikamkumbuka mwalimu wetu wa Fizikia. Siku moja alileta darasani debe na redio ndogo inayoimba. Akaitia redio ndani ya debe, akafunika, na sauti ikageuka mkwaruzo. Alitufundisha kwamba chuma huzuia mawimbi, na kwamba mawimbi mafupi huchoka upesi kuliko marefu yanapokutana na kuta na vilima. Katika mtihani nililijibu swali hilo sawasawa. Lakini nyumbani kwangu nilitia redio ndani ya debe, nikafunika mimi mwenyewe.

Jioni ile nilimwita mdogo wangu, nikamwambia mbele ya mama, "Nilikukosea. Kosa lilikuwa langu." Akasema, "Kaka, nilikuambia tangu Septemba." Maneno hayo machache yaliniuma kuliko matusi.

Safari hii tulichagua pamoja. Tuliazima laini za kampuni tatu kwa majirani na jamaa. Kwa siku saba tulipima katika kila pembe ya nyumba, saa moja asubuhi, saa nane mchana na saa mbili usiku, naye mdogo wangu akiandika katika daftari kwa mistari, kama mhasibu hasa. Kampuni moja ilifika megabiti 40 mchana, lakini usiku, watu wote wa mtaa walipokuwa wamerudi nyumbani na kugawana mnara ule ule, ikaanguka hadi 3. Nyingine haikuzidi 12 mchana, ila usiku ilibaki na 9. Tena tulipima mwendo wa kupeleka, si wa kupokea tu. Matangazo hutaja wa kupokea, lakini anayesema mbele ya darasa anapeleka sauti na picha yake. Somo la video latosheka na megabiti 2 hadi 4 kwa sekunde, mradi zisikatike.

Jambo jingine tulilojifunza ni hesabu ya vipimo. Biti 8 hufanya baiti 1. Kwa hiyo mwendo wa megabiti 10 haukuletei megabaiti 10 kwa sekunde. Kitu cha megabaiti 600 kitachukua dakika 8. Asiyejua hili hudhani ameibiwa, au huibiwa asijue.

Tukaichukua ile ya 12, kwa malipo ya mwezi mmoja mmoja, bila mkataba mrefu, ingawa ruta tuliinunua wenyewe na nilipoteza pesa za kuvunja mkataba wa kwanza. Ruta tukaiweka juu, kwenye dirisha linaloelekea mnara, pamoja na betri ndogo ya kuishika umeme unapokatika. Januari 2024 mdogo wangu alirudia kazi yake. Nilikaa nje ukumbini nikisikiliza. Alisema dakika 20 bila kukatika hata mara moja.

Msidhani kwamba sasa tumepata intaneti isiyo na aibu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na intaneti ikawa nzito katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, nasi Uganda tukaonja. Nilijaribu laini ya kampuni nyingine, nayo ikakokota vile vile. Nchi yetu haina pwani, na data zetu hupita kwa jirani zetu mpaka baharini, kwa hiyo kampuni mbili zenye rangi mbalimbali zaweza kunywa katika kisima kimoja. Tangu hapo mdogo wangu hupakua masomo yake mapema, asingoje usiku wa mwisho.

Sasa amemaliza masomo, na lile daftari la vipimo bado analo. Wiki iliyopita jirani mmoja alikuja kuniuliza achague kampuni gani. Sikumtajia jina, maana nyumba yake iko upande wa pili wa kilima, na mnara ulio mzuri kwetu waweza kuwa mbaya kwake. Nilimwita mdogo wangu, akatoa daftari, akamwonyesha jinsi ya kupima. Mimi nilikwenda kuwaletea chai.