Mchango Unaofuata Tarehe: Njia ya Mgonjwa kutoka Lamu

Mgonjwa wa saratani anayeishi Lamu huianza safari ya matibabu kwa boti. Kwa mwenye afya hilo ni jambo dogo, maana kutoka gatini hadi Mokowe ni mwendo mfupi, na upepo wa alfajiri ni mwanana. Lakini kwa mwanamke aliyetiwa dawa majuma matatu yaliyopita, ambaye tumbo lake halijatulia na mkono wake mmoja hauinuki vizuri tangu apasuliwe titi, kushuka ngazi za gati maji yakiwa yamekupwa ni kazi ya kushikwa na watu wawili. Watu hao wawili nao wana nauli, wanakula, na wameacha shughuli zao. Gharama hizi hazimo katika karatasi ya hospitali, na kwa hivyo huwa hazimo katika michango yetu.

Njia hii nimeipita mara saba nikiwa na khalati yangu. Kutoka Mokowe basi hupita Hindi, kisha Witu, likakata Minjila karibu na Garsen, na kuteremka Malindi na Kilifi hadi Mombasa. Ni zaidi ya kilomita 300. Baada ya Witu nchi hufunguka, ukaona mikoma imesimama mmoja mmoja, na makundi ya ng'ombe wa Waorma yakivuka barabara bila haraka. Ni pahala pazuri mno, nasikitika kwamba nimepajua kwa sababu hii. Kwa miaka kadhaa mabasi ya njia hii yamekuwa yakisindikizwa na askari, kwa hivyo msafiri huondoka msafara unapokuwa tayari, wala si apendapo yeye. Na mvua za mwisho wa mwaka 2023 zilipoifunika barabara upande wa Gamba, magari yalikwama huku na huku. Mto Tana haujui kwamba kuna mtu ana miadi na daktari Jumanne. Wenye uwezo walipanda ndege kiwanjani Manda, wasio nao wakangoja maji yapungue.

Mombasa, alhamdulillahi, siku hizi ina huduma za saratani katika hospitali kuu ya Pwani, na wagonjwa wengi safari yao huishia hapo. Hata hivyo wapo wanaoendelea kutumwa Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambayo kwa miongo mingi ilikuwa ndiyo hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba ya mionzi. Khalati alikuwa miongoni mwa hao. Basi huongezeka treni ya kutoka Miritini hadi Syokimau, ambayo tangu mwaka 2024 nauli yake ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa kila mtu, kwenda tu. Abiria wengine hutazama ndovu wa Tsavo dirishani. Mgonjwa hutazama mlango wa choo kama uko karibu.

Msomaji ambaye nyumba yake haijafikwa na mtihani huu huenda akadhani kwamba matibabu ya saratani ni jambo la mara moja, kama upasuaji: mtu huenda, hutibiwa, hurudi. Sivyo yalivyo. Dawa za kemo hutolewa kwa awamu, na mara nyingi kati ya awamu moja na nyingine huwa siku 21. Mionzi hutolewa kwa kawaida siku tano za juma, majuma kadhaa mfululizo, na aliyetoka Lamu hawezi kwenda na kurudi, lazima apate mahali pa kulala. Tena kabla ya kila awamu ya kemo damu hupimwa, na chembe nyeupe zikiwa chache daktari humwambia mgonjwa arudi wiki ijayo. Ni uamuzi wa kumlinda, hakuna wa kulaumiwa. Lakini maneno hayo mawili, "wiki ijayo," yana bei: vyakula vya siku saba, chumba cha siku saba, na tikiti iliyokwisha kununuliwa.

Bima ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hulipia tiba ya saratani hadi kiwango kilichowekwa kwa kila nyumba kwa mwaka. Kila familia na ijiandikishe mapema, kabla ya kuugua. Boti, basi, treni na chumba havimo.

Sasa tutazame tunavyochanga. Habari hutoka, watu hushtuka, kikundi cha WhatsApp hufunguliwa. Tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, kutoa kumekuwa kwepesi kuliko kuvaa viatu, na fedha huingia kwa wingi. Kwa khalati, sehemu kubwa ya mchango wa kwanza ilipatikana katika siku tisa. Ilipofika awamu ya tatu ya dawa, simu ilikuwa kimya. Sidhani kwamba ni ubahili. Sisi watu wa pwani tumezoea kusaidiana katika msiba, na msiba una siku zake: mazishi, matanga, hitima. Ugonjwa mrefu haukutengewa siku. Bi mkubwa mmoja wa mtaani kwetu Langoni alilieleza hili vizuri kuliko mimi. "Mwanangu," aliniambia huku akipepeta mchele, "maiti huzikwa mara moja, mgonjwa hula kila siku."

Ni yeye aliyeichukua kadi ya kliniki ya khalati na kuzinakili tarehe zake zote katika daftari la shule, kila tarehe ukurasa wake. Kisha hakumwomba mtu fedha nyingi. Aliuliza kila nyumba itachukua ukurasa upi. Mpika mahamri alichukua nauli ya boti na basi ya mwezi wa Rajabu, akaifikia kwa mauzo ya asubuhi. Wanawake wa mchezo wa pesa walikubaliana kwamba zamu moja katika kila duru iwe ya mgonjwa. Kijana aliyeko Maskati alijitwika treni, zote, na akaomba asitajwe. Familia moja ya Pumwani, mtaa wa Waislamu wa Nairobi tangu miaka ya 1920, haikutoa hata senti, ilitoa chumba, uji wa asubuhi na mtu wa kumsindikiza hospitali. Kwangu mimi mchango huo ulikuwa mkubwa kuliko yote. Nyuma ya daftari kulikuwa na kurasa tatu zisizo na tarehe, zilizowekewa fedha kidogo kidogo kwa ajili ya ile "wiki ijayo." Zote tatu zilitumika.

Fedha zilishikwa na watu wawili, mmoja wa ndani ya familia na mmoja wa nje, na hesabu ilisomwa kila mwisho wa mwezi mbele ya khalati mwenyewe. Picha yake haikupelekwa popote. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu siku hizi hujaona wiki ikipita bila ya kupokea picha ya mama wa watu akiwa kitandani, kichwa wazi, nywele zimekwisha, ili tuone huruma. Mwenye kutoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu hahitaji kuvuliwa mtu sitara yake. Jina, mtaa na kauli ya imamu au mzee anayejulikana vyatosha.

Wengine huuliza kuhusu zaka. Mafungu manane yaliyotajwa katika Surat at-Tawba hayana fungu la wagonjwa. Mgonjwa huipokea kwa ufukara wake, au kwa deni alilojitwika na haliwezi. Wala mtu hampi zaka yake mama yake au mwanawe ambaye ni wajibu wake kumlisha. Kwa hali yenye utata, imamu aulizwe kabla ya fedha kutoka. Sadaka haina mipaka hiyo, ndiyo maana daftari la bi mkubwa liliendeshwa kwa sadaka tupu.

Awamu za dawa za khalati zimemalizika, na mionzi pia. Nywele zimeanza kuota, laini kama za mtoto, naye huzificha chini ya mtandio hata mbele yetu. Zimebaki safari za kuangaliwa, kila miezi mitatu, na daftari limeongezwa kurasa. Ya Shaaban imekwisha kuchukuliwa. Ya Dhulkaada bado ina nafasi ya nauli ya basi, mtu mmoja.