Masale Ndani ya Nyumba

Iko mimea ipandwayo kwa ajili ya matunda yake, na mingine kwa ajili ya maua yake. Masale hupandwa kwa ajili ya majani. Wachaga wa Kilimanjaro huliita moja isale, na yakiwa mengi, masale. Wataalamu wa mimea huuita mti huu Dracaena fragrans. Majani yake ni marefu kama panga, ya kijani king'aacho, wala hayapukutiki yote wakati wa kiangazi, bali mti hukaa na kijani chake mwaka mzima. Asili yake ni misitu ya Afrika, tangu Sudani hata Msumbiji, na upande wa magharibi hata Kodivaa. Huko msituni waweza kufika urefu wa meta 15. Mtaalamu Linnaeus wa Uswidi aliuandika katika kitabu chake cha mimea mwaka 1762, na watu wa Ulaya huukuza ndani ya nyumba, maana baridi ya nje ingeuua.

Katika Uchaga masale hupandwa mipakani mwa vihamba. Ukiona safu yake, wajua ya kuwa hapa ndipo shamba la huyu likomapo, na la yule lianzapo. Tena jani lake ni ishara ya amani. Mtu aliyemkosea mwenziwe humpelekea isale, naye aliyepelekewa huona vigumu sana kulikataa.

Mimi nalizaliwa katika kihamba kilichozungukwa na masale, lakini kazi ya ualimu ilinipeleka tambarare, kusini ya mlima Meru, mahali penye jua na vumbi jingi. Siku ya kuondoka, baba yangu alikata kipande cha shina, urefu wa shubiri moja, akaniambia, "Mwanangu, chukua hiki. Jani la amani halitafutwi siku ya ugomvi." Nikakipanda katika debe, nikaliweka katika chumba changu cha kusomea. Leo mti ule unanipita kimo.

Kuutunza si kazi kubwa, ila yataka uangalifu. Kwanza, debe litobolewe matundu chini, ili maji yasituame. Udongo uwe mweusi, uliochanganywa na majani yaliyooza na mchanga kidogo. Pili, mti huu msituni hukaa chini ya kivuli cha miti mikubwa. Kwa hiyo uwekwe karibu na dirisha penye mwanga, lakini jua kali lisiupige, maana litababua majani. Kila juma geuza debe kidogo, kwa kuwa mti huinama kuelekea mwanga. Tatu, pangusa vumbi kwa kitambaa kibichi. Jani hujitengenezea chakula kwa msaada wa mwanga, na vumbi huuzuia mwanga usiingie.

Jambo la nne ni maji, nalo ndilo liuualo mti huu mara nyingi. Mwaka mmoja nilisafiri kwa majuma matano, nikamwachia mwanafunzi mmoja kazi ya kuutunza. Alikuwa kijana mwenye bidii, akaumwagia maji asubuhi na jioni. Niliporudi, majani ya chini yalikuwa yamegeuka manjano, na shina karibu na udongo lilikuwa laini kama ndizi iliyooza. Kijana alisimama mlangoni akilia. Nikamweleza ya kuwa mizizi nayo yahitaji hewa. Udongo ukijaa maji daima, mizizi hukosa hewa ikaoza, na mti hufa kwa kiu katikati ya maji. Kisha tukatwaa kisu kikali, tukakata sehemu ya juu iliyokuwa bado ngumu, tukaipanda katika udongo mpya. Kila asubuhi kijana alikuja kutazama. Baada ya majuma kadhaa likachomoza jani jipya, naye akapiga vigelegele kama mtu aonaye mgeni wake mpendwa. Tangu siku ile hatunyweshi ila baada ya kutia kidole udongoni. Kidole kikitoka kikavu, ndipo tunywesheapo.

Hata hivyo, ncha za majani zilikauka, zikawa na rangi ya kahawia. Sababu yake ni maji yenyewe. Visima na vijito vingi vya huku vina madini ya floraidi kwa wingi, yatokayo katika miamba ya volkano. Madini hayo ndiyo yatiayo meno ya watoto wengi wa Meru rangi ya kahawia, na masale hayayastahimili; hukusanyika katika ncha za majani na kuziunguza. Basi nikaanza kukinga maji ya mvua, na majani yaliyofuata yakatoka safi.

Sasa sikilizeni faida ya taabu hiyo. Katika darasa langu walikuwamo watoto wawili waliokaa dawati moja. Baba zao, Wachaga waliohamia huku, waligombana kwa ajili ya mfereji wa maji, na watoto nao wakaacha kusemezana. Jioni moja yule baba aliye mkubwa kwa umri alibisha hodi kwangu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mwalimu. Sikuja kukaa. Naliziba mfereji kwa hasira, na mahindi ya jirani yangu yamekauka. Nimetafuta isale mchana kutwa katika nchi hii kavu, nisilione. Nimesikia unalo."

Nikamkatia jani moja, refu na zima, lisilo na doa. Akalifunga fundo, akaenda nalo gizani. Sikuwapo walipokutana, lakini siku ya tatu watoto wale wawili walikaa tena pamoja, wakigawana kipande kimoja cha muhogo.

Wanafunzi wangu, jani lile lilitolewa kwa mkono wa mzee, lakini lilikuwapo kwa sababu ya kidole kilichopima udongo, kitambaa kilichopangusa vumbi, na kijana aliyekuja kila asubuhi kutazama. Pandeni, kila mmoja wenu, mti mmoja wa kuutunza, hata kama ni katika kopo bovu. Mtu hajui ni siku gani jirani atabisha hodi kuomba jani, na siku hiyo hapana tena nafasi ya kupanda.